Nguo ya Mke Mwenzangu

Nyumbani,
Chumba cha mbele, karibu na dirisha,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Shikamoo yako imefika salama, marahaba. U mzima? Unakula ukashiba, unalala ukapumzika? Hiyo baridi uliyoilalamikia imepungua, au bado unavaa soksi mbili mbili? Mama yako alisoma hapo akacheka, kisha akaenda kukutafutia sweta.

Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako ana kikohozi kidogo lakini mdomo wake mzima kabisa. Babu yako mshono umekauka, anatembea hadi getini na kurudi bila fimbo, na ameanza tena kubishana na msomaji wa habari, kwa hiyo jua kwamba anapona.

Uliniuliza kama boti imefunikwa au bado inapigwa jua tu pale uani. Imefunikwa. Ila jibu lenyewe ni refu, kaa vizuri.

Unajua mimi na hiyo boti hatupikiki chungu kimoja. Tangu wewe na babu yako mlipoileta, mkaipaka rangi, mkaiegesha na tela lake mahali pangu pa kuanikia nguo, nimeiita mke mwenzangu. Anaoshwa yeye, anapakwa mafuta yeye, anasifiwa umbo yeye. Mimi naulizwa chai iko wapi. Lakini babu yako alipolazwa, mwenzangu aliachwa hivyo hivyo. Rangi ikaanza kubabuka, majani yakajaa ndani, kuku wa jirani akapafanya mahali pa kutagia. Nilimwonea huruma, ingawa ni mke mwenza.

Sasa nikuambie kilichokuwa kikininyima usingizi. Babu yako alirudi kutoka hospitali na neno moja: kusogeza siku. Ndala zilikatika, mama yako akataka kumletea viatu vya maana, akasema, “Zifungeni na waya, za kusogeza siku zinatosha.” Daktari wa macho alitaka abadilishe miwani, akasema ya zamani itamsogezea siku. Hata mswaki mpya aliukataa. Mtu anayekataa mswaki mpya anawaza nini, mume wangu? Niliogopa sana. Nilimwona anakaa humu ndani kama mgeni aliyekwisha kufunga mizigo.

Basi siku moja wingu lilitanda, na mama yako akakimbia nyumba ya kona kuazima lile turubai la mtaa, la milia ya kijani. Unalikumbuka. Akalitupa juu ya boti, akalifunga kwa kamba yangu ya kuanikia. Likafika nusu. Injini kule nyuma ikabaki nje, na wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mvua ikanyesha hadi alfajiri, turubai likabonyea katikati, likajaa maji kama beseni, na maji yote yakamwagikia ndani ya boti.

Babu yako alipoona hivyo alichukua kikombe, akaingia chini ya turubai kuyachota. Sikumkataza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali kumwona akishughulika na kitu. Nikarudi jikoni kwangu.

Tulisahau jambo moja. Turubai lile hutoka kwa harusi au kwa msiba, na humu ndani hakuna aliyebaki wa kuoa. Mtaa mzima ulijua kuwa mzee katoka hospitali. Haukupita muda, mke wa fundi saa akaingia getini, mikono kichwani, analia. Mimi nikajua fundi saa ndiye amekufa! Nikamkumbatia, na mimi nikaangua kilio. “Pole, mwenzangu.” “Pole wewe, mama.” Tukaliliana pale mlangoni, kila mmoja akimbembeleza mwenzake, mpaka fundi saa mwenyewe akaingia amebeba viti viwili vya kukalia waombolezaji. Nilikata kilio katikati.

Ndipo turubai likainuka upande mmoja. Kikatoka kichwa cha babu yako, kimelowa, na kikombe mkononi.

“Jamani, nani kafa?”

Fundi saa aliketi chini palepale, na viti anavyo. Tulicheka hadi tukashikana mabega. Waliokuwa bado njiani wanakuja kutupa pole waliingia na nyuso za huzuni, wakaambiwa, wakacheka nao, nikaishia kuchemsha birika baada ya birika. Tangu siku hiyo fundi saa humwita babu yako Marehemu, na Marehemu huitika.

Wageni walipoondoka, babu yako alikaa kwenye ngazi, akilitazama turubai. Nilidhani amechukia. Baadaye akaniita.

“Mama watoto, turubai la watu lirudishwe leo. Zamu yangu bado.”

“Na boti je?”

“Ishonewe nguo yake yenyewe.”

Tukaipima wenyewe. Yeye alishika utepe upande wa pua, mimi nikashika nyuma. Akapima urefu akaishia ukingoni, akaiacha injini, kosa lilelile la mama yako. Nikamwambia, “Mzee, mke mwenzangu ana makalio, yapime nayo.” Alicheka hadi akashika mshono. Tukapima na kifua pale palipo papana, na kioo cha mbele kinapoinuka, maana nguo ikibana pale itachanika kabla haijazoeleka.

Fundi wetu ni yule anayeshona maturubai ya malori na viti vya magari, nyuma ya kituo cha mafuta. Duka lake limejaa sponji na harufu ya gundi, cherehani yake inanguruma kama pikipiki. Alitutandazia vitambaa vitatu mezani. Cha kwanza plastiki, kama ile ya kufunikia matofali. Akasema hicho kinazuia maji ya juu lakini jasho la chini halina pa kutokea, na ukungu utakula viti vyote. Cha pili ni nailoni nyepesi, nzuri kwa kuzuia vumbi, ila jua likikichapa misimu miwili kinachanika kama gazeti. Cha tatu kizito, maji yanateleza juu yake na bado kinapumua. Kinapumua kuliko mimi nikipanda ngazi.

Alikuwa mwelewa, sitamsema vibaya. Alisema hata kitambaa kiwe kizuri vipi, bila miti ya kukiinua katikati maji yatatuama tu. Alisema upindo utiwe kamba ya kukaza, na mikanda ipite chini ya tela, la sivyo mkiivuta barabarani upepo utaingia ndani na mtaona nguo ikiruka peke yake. Kwenye pembe atatia kitambaa laini, kisikwaruze rangi.

Babu yako alisogeza kila kitambaa hadi karibu na macho. Akakipapasa cha tatu, akasema hiki cheusi ndicho kizuri. Kilikuwa cha kijani. Mimi na fundi tulitazamana tu.

Kisha fundi akauliza swali ambalo yeye aliliona la biashara. “Sasa mzee, tushone cha kusogeza siku, au cha kudumu? Hiki kizito kinakaa hata miaka kumi.”

Mume wangu mdogo, hebu fikiria. Neno lilelile! Nilitamani nimzibe mdomo yule fundi. Babu yako alikuwa anakipapasa tu kile kitambaa, anakikunja, anakikunjua. Nikasema moyoni, akichukua ile plastiki, leo nimeshindwa.

Akamwinulia fundi uso. “Miaka kumi ikiisha, nikija kushona kingine, nitakukuta hapahapa?”

Fundi akacheka. “Mzee, wewe utakuja. Mimi ndiye sijui, maana mwenye nyumba wangu ana vituko.”

“Basi uniachie namba yako,” babu yako akasema. “Shona cha kudumu.”

Hapo mimi nikasogea nyuma kuangalia viti vya magari, nikaingiwa na vumbi machoni. Duka la fundi lina vumbi sana.

Nguo ilikuja Jumatano, tukaivalisha wote, mama yako akivuta huku, fundi saa akivuta kule, Marehemu akitoa amri. Imemkaa mwenzangu kama aliyezaliwa nayo, na injini ina mfuko wake. Mvua ya juzi iliteleza yote ikaenda kwenye maua yangu. Asubuhi niliingiza mkono chini nikagusa viti, vikavu. Kuku wa jirani alizunguka tela mara kadhaa, akaenda zake amenuna.

Babu yako anasema nisikuandikie uharakishe kuja, eti nguo ni ya miaka kumi, una nafasi. Mimi sina uvumilivu huo. Sasa anakwenda kuigusa kila asubuhi kabla ya chai, na nimechoka kusifia mke mwenza peke yangu. Nguo tumemvalisha sisi, kumvua njoo umvue wewe, mwende majini na mzee wako. Mimi nitakaa ukingoni niwatukane.

Mama yako anakusalimu, sweta liko njiani. Mke wa fundi saa anakusalimu, na anaomba asikumbushwe. Mumewe naye anasema saa yako imepona. Marehemu anakusalimu zaidi ya wote.

Mungu akufunike huko uliko, na akufunike kwa kitambaa kinachopumua.

Wako akupendaye kabla hujapata mwingine,

Bibi yako, mke mkubwa.

Mjukuu wangu, mimi babu yako. Barua hii nimeisoma yote kabla haijafungwa, kwa miwani mpya. Ni kweli tupu, isipokuwa pale kwa fundi. Hapakuwa na vumbi.