Longitudo Iliyomwokoa Abti Korane

Mtaa wa Waberi,
Garissa.
20 Februari 2025

Mpendwa kaka yangu Ayanle,

Asalaam aleikum warahmatullahi. Huko Oslo baridi imelegea, au bado unalala na soksi? Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Goti la Hooyo, mama yetu, limepoa, na wiki hii anatembea kama msichana. Sababu yake ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Abti Korane, mjomba wetu, amepatikana!

Alikuwa amehama Takaba kwenda kutafuta malisho, yeye na mkewe Fatumo, watoto na mbuzi. Ekseli ya lori ikakatika porini, na kiangazi hiki hakijaacha kisima chenye maji. Simu yake ikiwa karibu kuzima, Abti alipanda kilima akampigia Kadar, mwenye gari la maji pale Takaba. Akamsomea namba mbili za mahali alipo. Simu ikazima.

Kadar akaziingiza kwenye ramani kama alivyozisikia. Ikamwonyesha baharini, karibu na Hispania! Watu wakasema kiu imemvuruga mzee akili. Hooyo akaanza kulia.

Nikampigia Kadar mwenyewe. "Niambie maneno yake, usiruke hata moja."

"Mwalimu, alisema *tul* ni arobaini na kitu, *ardh* ni tatu na kitu. Mimi nikadhani anasema ardhi, kwamba amekaa chini."

Wallahi nilipiga kelele! Simu ya Abti imewekwa Kiarabu. *Tul* ni urefu, na hiyo *ardh* ni upana. Ndilo somo langu kwa wanafunzi hapa shule ya Iftin: neno longitudo ni la Kilatini, maana yake urefu. Wachora ramani wa kale waliijua dunia iliyotanda zaidi toka magharibi hadi mashariki, kwa hiyo upande huo wakauita urefu, na ule wa kusini na kaskazini wakauita upana. Waarabu nao wakaita *tul* na *ardh*. Abti alitanguliza urefu, kama apimavyo mtu chumba. Ramani ya simu hutaka upana kwanza.

"Kadar, zigeuze!"

Akazigeuza. "Subhanallah! Ni hapa hapa, ng'ambo ya mto mkavu!"

Aliwafikia jua halijatua. Fatumo alikuwa amewalaza watoto chini ya lori wapate kivuli, na mtungi ulikuwa mtupu. Wote wazima, Ayanle! Mbuzi wachache tu ndio waliokufa.

Alipowarudisha, Takaba nzima ilipiga vigelegele, nikavisikia kwenye simu. Kisha Abti akaichukua, sauti imekauka. "Sahra, marehemu baba yako alipouza ngamia akusomeshe, wazee tulimlaumu. Leo ngamia yule amezaa."

Hooyo akaninyang'anya simu, akacheka na kulia pamoja.

Hooyo, Abti, Fatumo na watoto wanakusalimu sana, na Kadar pia. Mwenyezi Mungu akulinde uendako na akurudishe kwetu salama.

Wako akupendaye,
dada yako Sahra