Ganzi ya Mama Imeisha

Baba Yakub,

Maharagwe yako jikoni, wape watoto wakitoka madrasa. Mimi nimerudi hospitali kwa mama yako.

Jana daktari Mzungu alimchoma sindano ya ganzi kwenye kinena, na ile nyonga iliyopasuliwa ikatulia. Mama akanywa uji, akauliza habari za mbuzi wake. Asubuhi hii ganzi ikaisha. Akanishika mkono, akasema, "Halima, waambie wanichome tena." Nikaenda kuuliza. Dawa imekwisha, wanasubiri lori kutoka Nairobi, na hakuna anayejua litafika lini. Nilishindwa kumwambia. Nilisema daktari yuko njiani.

~~Usije, baki na watoto.~~ Watoto waache kwa jirani, uje. Anakuita wewe, na mimi sina tena la kumwambia.

Mama Yakub