Paja la Mtakatifu Ignati

Kaka Tiberiu,

Eti tuna bahati kukosa baridi mwaka huu. Bahati gani, na miplamu imechanua Krismasi kama mipumbavu?

Redio ilitangaza joto litaendelea, nikamwomba Baba asubiri barafu ndipo achinje nguruwe wa Krismasi. Akanibeza: "Babu yako alichinja siku ya Mtakatifu Ignati. Wewe na redio yako mnajua nini?" Akachinja, akatundika nyama darini, nzi wakaivamia. Majirani walipoziba pua, akaila mbele yao kuwakomoa. Leo siku ya nne yuko hospitali, bado anabisha.

Simu hupokei, ndiyo maana naandika. Paja zuri la nguruwe huyo alikutumia wewe kwa basi, kama kila mwaka. Mimi ninayemfulia nilipewa masikio.

Usilile.

Dada yako asiye na maana,
Zamfira