Mama Mdogo wa Kamanda

Melini, 6 Mei, mwaka wa kwanza

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na habari za hapo nyumbani. Mimi mzima, isipokuwa tumbo ambalo bado linabishana na chakula cha melini. Natumaini wewe mzima, binti yangu Kamanda mzima, na pasi kubwa ya duka lako la dobi haijaanza tena kutema kutu kwenye mashati ya watu.

Bado tunakwenda polepole, ndiyo maana barua hii itakufikia upesi. Juma lijalo zitawashwa injini kubwa, na tukishaukaribia mwendo wa mwanga hakuna barua itakayoingia wala kutoka mpaka tufike. Nahodha ametueleza tena, kwa upole kama anayesema na wagonjwa: kwetu sisi tulio ndani, kwenda na kurudi ni mwaka na miezi kidogo. Kwenu ni miaka kumi na tatu. Nilitia saini nikiyajua hayo, lakini kuyasikia ukiwa umeshafungwa mkanda ni habari nyingine.

Watu wa makazi yale tunayoyaendea, kwenye sayari ya mbali, wanagawiwa maji kwa kikombe, na mabomba yao ni ya aina ile niliyojifunzia kazi. Mafundi tunaoyajua tumebaki wachache, na wenzangu ni wazee wa kutembelea mkongojo. Ningekataa, sijui ningefunguaje koki ya jikoni kwangu.

Kamanda ana miaka mitano. Nikirudi atakuwa na kumi na minane. Uliponiambia, "Nenda dada, nitakushikia mtoto," hukuuliza mpaka lini. Nakushukuru kwa hilo kuliko yote. Una miaka ishirini na mitatu tu, ungekuwa unatafuta mchumba, sasa umeachiwa kutafuta soksi za mtoto asubuhi. Usimruhusu akupangie kazi. Ukimpa nafasi atakuamrisha hata namna ya kupumua.

Dada yako.


Nyumbani, 19 Mei, mwaka wa kwanza

Dada yangu,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima wa afya, hofu ni kwako tu. Wameniambia nimechelewa, kwamba mmeshaongeza mwendo, na barua hii itakukuta hukohuko unakokwenda, mtafika karibu pamoja. Basi nakuandikia kana kwamba utaisoma kesho.

Kamanda anasimama juu ya kreti dukani na kupokea nguo. Jana alimwambia mwalimu mkuu, mbele ya watu, kwamba kola yake inasikitisha. Mwalimu akacheka mpaka akaegemea kaunta. Nampa leso azipige pasi ile ndogo isiyo na moto, anazikunja vizuri kuliko mimi.

Sasa tuna shida. Jino lake la mbele linacheza. Hataki niliguse, anasema wewe ndiye fundi wa kufungua vitu. Niambie tufanyeje. Tulivute kwa uzi, au tuliache lianguke lenyewe?

Jambo jingine. Juzi aliniita mama, wateja wakiwa wamejaa. Nikainama nikamwambia taratibu, mimi ni mama mdogo, mama yuko safarini anatengeneza maji. Fundi saa wa mlango wa pili alinisikia, akasema namwonea mtoto. Pengine namwonea. Lakini sitaki urudi ukute nafasi yako imekaliwa na mtu, hata kama mtu mwenyewe ni mimi.

Wewe usituwaze. Kuzaa si kazi, kazi kulea, nami kazi siiogopi.

Mdogo wako.


Kituoni, Januari kwa kalenda ya meli. Kwa kalenda yenu, mwaka wa saba

Mdogo wangu,

Salamu, na shukrani isiyo na mwisho. Tumefika salama. Mimi mzima, mikono imechubuka lakini maji yanatoka. Walipofungua bomba la kwanza watu walisimama tu wakayaangalia, hakuna aliyekinga. Mzee mmoja alinishika mkono akasahau kuuachia. Nikamwambia asinishukuru mimi, kuna dobi mmoja mbali sana ndiye aliyenipa ruhusa ya kuja.

Barua yako imenikuta hapa. Kuhusu jino, usitumie uzi, utamtisha. Mpe mkate mkavu aubane upande huohuo, halafu umwambie hadithi ndefu ya kuchekesha. Ikitoka damu asukutue kwa maji ya chumvi. Na usimcheke akianza kusema kwa pengo, ana hasira za haraka yule, alizirithi kwa baba yake, Mungu amrehemu.

Nilipofika hapo kwa kuandika, mpishi wa meli alikuwa nyuma yangu akisoma. Akauliza, "Mtoto huyo ana umri gani?" Nikajibu bila kufikiri, mitano na nusu. Akaniangalia, akanisogezea kikombe cha chai. Ndipo nikakumbuka. Barua yako uliiandika nikiwa nimeondoka juzi tu. Jino hilo limeshang'oka na jingine limeota. Na jibu langu litakapokufikia atakuwa binti wa miaka kumi na minane, anakodolewa macho na wavulana, na mimi namwagizia mkate mkavu. Nimecheka, halafu nimelia mpaka mpishi akakosa la kufanya akaanza kuosha vyombo vilivyo safi. Sikuyafuta maneno hayo. Soma tu, ucheke.

Sasa lililo zito. Kuna makazi mengine, mbali zaidi, pampu zao zimekufa zote. Hakuna meli nyingine yenye pampu za akiba ila yetu. Nahodha hakutuamuru, alituuliza mmoja mmoja. Watakaokataa watabaki hapa, na hawajui watapata meli ya kurudi lini, au kama watapata. Nimekubali kwenda. Kule nako kuna watoto.

Kwangu itaongezeka miaka miwili. Kwenu, mpaka nirudi, itakuwa imetimia thelathini na miwili. Nitashuka na miaka ishirini na tisa. Kamanda atakuwa na thelathini na saba. Mwanangu atakuwa amenizidi umri, na wewe mdogo wangu utakuwa mama mtu mzima kabisa.

Kwa hiyo sikiliza. Mwache akuite mama. Usimkatalie tena. Umeilinda nafasi yangu vya kutosha, sasa kaa, pumzika, ni yako. Mimi nitakuwa mama mdogo, na kwa umri itakuwa kweli tupu. Nakutamkia haya kwa moyo mweupe. Moyo wenyewe unauma, lakini ni mweupe.

Dada yako.


Nyumbani, 2 Julai, mwaka wa kumi na nne

Dada,

Salamu. Afya zetu njema, namshukuru Mungu. Barua hii itahifadhiwa kwenye kituo cha hapa mpaka utakapopunguza mwendo ukikaribia nyumbani, kwa hiyo najua unaisoma nikiwa nimezeeka. Naiandika nikiwa na miaka thelathini na sita na mgongo bado mzima.

Ulitakiwa kufika mwezi uliopita. Tulifua mapazia, tukapaka rangi chumba cha nyuma, Kamanda akachagua rangi ya maji ya bahari ambayo ni mbaya sana na sikuweza kumkatalia. Tulikwenda kituoni na nguo zetu nzuri. Hatukuona meli. Karani alituletea barua.

Nilimsomea yote, hata la jino. Kwa jino alicheka. Kwa yale mengine aliinuka akakunja shuka za hoteli zote, mzigo wa watu watatu, peke yake. Jioni akanijia akasimama mlangoni akasema, "Mama." Dada, nilikuwa na pasi mkononi, nikaiacha juu ya suruali ya mtu ikatoboka. Nilikuwa nimelitamani neno hilo miaka yote, na sikukwambia.

Asubuhi akanisalimia, "Umeamkaje, mama mdogo?" Nikamuuliza vipi tena, mama yako ametoa ruhusa. Akasema, "Nimejaribu. Nikikuita mama nakuita kwa jina la mtu nisiyemjua. Mama mdogo ndiye aliyekesha nami nikiwa na surua. Kwa nini nikushushe cheo?"

Basi nafasi yako ipo, hakuna aliyeitaka. Sijui kama hilo litakufurahisha au litakuumiza. Mimi limenifanyia yote mawili. Ana hasira nawe kidogo, sikufichi. Lakini picha yako ameihamishia chumbani kwake.

Mdogo wako.


Melini, 11 Septemba, mwaka wa thelathini na tatu kwa kalenda yenu

Mdogo wangu,

Salamu kwa yeyote atakayeipokea barua hii. Tumepunguza mwendo na barua yako nimeisoma mara nyingi mno, mpaka naogopa kuuliza habari. Imeandikwa miaka kumi na tisa iliyopita. Sijui kama upo. Sijui kama yeye yupo, na kama yupo, kama angependa kuniona.

Kule kwa pili nako maji yametoka. Wengine wetu walipopata barua zao leo walikaa chini kwenye korido hawakuinuka. Mpishi ameambiwa mkewe alizikwa zamani, yeye bado ana sweta aliyomfumia, haijachakaa hata kiwiko. Nimekaa naye.

Ikiwa upo, asante. Ikiwa haupo, asante vilevile, na aliyebaki akusomee kaburini. Kama Kamanda hataki kuja, msimlazimishe. Nitaelewa. Niambieni tu kama alikua vizuri.

Dada yako.


Nyumbani, 13 Septemba, mwaka wa thelathini na tatu

Dada yangu, dada yangu,

Nipo. Magoti yamenikimbia na meno ya nyuma yamenitangulia mbele ya haki, lakini nipo, na duka lipo. Kamanda yupo. Alikua vizuri. Anatengeneza lifti za majengo marefu, ana wasaidizi sita na wote wanamwogopa. Ana mume mpole, na asiye mpole angeishi naye vipi? Ana wavulana wawili. Kwa hiyo wewe ni bibi, mwenye miaka ishirini na tisa. Wajukuu wamewaambia wenzao shuleni, wakaitwa waongo.

Umenishukuru kila barua, sasa zamu yangu. Watu wananisifu kwamba nilikufanyia hisani. Siwabishii, lakini sisi wawili tujue ukweli. Sikupata mume wala sikuzaa, na sijawahi kurudi kwenye nyumba tupu. Ulinipa mtoto mwenye amri na kelele akajaza maisha yangu yote. Wewe ulipoteza, mimi nikapata, kwa siku zilezile. Nimeliwaza hilo usiku mwingi, na njia ya kulirekebisha sikuiona, ila kukwambia asante. Asante, dada.

Anakuja kukupokea. Hasira zilimwisha zamani, alipozaa wa kwanza. Ila kuna jambo limemsumbua wiki nzima, tangu tuliposikia meli iko karibu. Alikuwa anakula, akaweka kijiko chini akauliza, "Mama mdogo, mimi nina thelathini na saba, yeye ishirini na tisa. Nani anamwamkia mwenzake?" Nikamwambia sijui, hapajawahi kuwa na mtu wa kuuliza swali hilo. Mumewe akasema mpeane mikono tu. Akajibiwa kwamba mkono anapewa mteja.

Jana nilimsikia bafuni akijaribu neno lile peke yake, mara kwa sauti nyembamba, mara kwa sauti yake ya kazini. Ameshaamua. Ataanza yeye, kwa sababu wewe ndiye mama, na mvi zake mbili tatu zisikudanganye.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Mlango ukifunguliwa utamwona mwanamke mrefu, mnene kidogo, amesimama kama anakagua jengo. Utataka kulia, utataka kuomba msamaha, utataka kumbeba. Vyote hivyo vitapata wakati wake. Kwanza akikwambia shikamoo, itikia. Anakungoja umwitikie tangu ana miaka mitano.

Mdogo wako.