Moshi Uliozidi

Al Ain,
12 Rajabu

Kwa dada yangu mpenzi Usha,

Amani ya Mungu ikutangulie mlangoni kabla ya karatasi hii, ikukute umekaa kitako na wanao wamekuzunguka, hamna mgonjwa wala mwenye kununa. Sisi huku tu wazima. Baba Khalfan mgongo humkaza baridi ikiingia, lakini kwa sala ya alfajiri huenda kwa miguu, na hajaacha kubishana na muadhini kuhusu kipaza sauti. Mitende ya nyuma tumeipogoa. Nimemwuliza mwanao Saif habari za magoti yako, akaniambia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta. Nimemshukuru Mungu, ila sikumwamini sana, maana mtoto huyu tangu mdogo humwambia mama yake mdogo lile litakalomfurahisha.

Utashangaa nimekuandikia kwa kalamu, wakati simu iko mkononi. Dada, sauti nikikutumia kwenye simu husikilizwa kwanza na wajukuu, kisha na wake wa wanao, kisha na Doha nzima. Haya ninayotaka kusema ni ya masikio yako peke yako. Saif ameniahidi ataiweka barua mfuko wa ndani, na nimemwapisha.

Uliniomba nitengeneze mafuta ya mama kwa harusi ya binti yetu Dhabya, chupa ndogo sitini za wageni na moja kubwa ya bibi harusi. Wiki tatu hizi kila ukiniuliza nakujibu inshallah, mpaka juzi ukauliza kama kuna neno ulinikosea. Hukunikosea. Nina jambo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na usipolisikia kwangu utalisikia kwa wengine likiwa limeshawekwa chumvi.

Mwezi uliopita Mama Ubaidi, jirani yetu wa upande wa msikiti, alimwoza binti yake wa mwisho. Alikuja mwenyewe kuniomba mafuta, akanywa kahawa vikombe vitatu, akasema harusi bila mafuta ya Bi Mahra ni matanga yaliyopambwa taa. Mtu akilitaja jina la mama hivyo, miaka kumi na tisa baada ya kumzika, utasemaje hapana? Nikakubali. Kisha nikamwita Wadima.

Wadima unamjua kama kiganja chako. Mama alimnyonyesha pamoja nami wakati mama yake hajiwezi kwa homa ya uzazi, ziwa moja langu, moja lake, na wewe ndiwe uliyekuwa ukimbeba mmoja wetu na kumsukasuka mwingine kwa mguu. Mbele ya Mungu ni ndugu yetu, hata kaka yetu hakuwa na ruhusa ya kumwoa. Miaka minne hii sikufukiza chungu hata kimoja bila yeye kukaa pembeni yangu.

Na kazi yenyewe unaikumbuka. Mafuta ya mama si manukato ya wenye roho nyepesi. Ni meusi, mazito, tone moja nyuma ya sikio na shela itafuliwa mara tatu bado inakutaja. Siri yake haikuwa kwenye udi wala zafarani wala ambari, hivyo kila mtu hununua. Siri ni moshi. Chungu chenye mafuta kinapinduliwa juu ya chetezo, moshi wa udi unaingia, nawe unafunika, unasubiri, unanusa, unarudia. Ukiacha mapema yanabaki matamu kama ya kumpaka mtoto. Ukizidisha yanageuka uchungu wa kuungua, na hakuna dawa, unamwaga. Mama alikuwa akituambia moshi uingie kama mgeni mwenye adabu, usimtoe mwenye nyumba.

Basi tulikaa ukumbini kwangu, mimi nikipindua chungu, Wadima akinusa. Kwa kawaida mara ya tano hufumba macho na kusema tosha. Siku ile mara ya tano alisema bado. Ya sita, bado. Nilipomtazama alicheka akaniambia niache woga wa kizee, hii ni harusi ya watu wanaopenda mambo makali, wasije wakasema tumewapa maji ya waridi. Nikaongeza ya saba na ya nane, kwa mkono wangu huu. Akanusa, akasema sasa Bi Mahra mwenyewe angetabasamu. Alimtaja mama, Usha. Alilitumia jina lake.

Usiku wa harusi ukumbi ulijaa wanawake mpaka milangoni. Mimi ndiye niliyepewa heshima ya kufungua manukato. Nikashika chupa na kijiti cha kioo, nikaanza na safu ya wazee, kila mmoja nikimpaka mgongo wa mkono na kumwombea heri. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu nikaona wanaonipa mkono wanaurudisha haraka, wanauficha chini ya abaya. Mmoja akaomba karatasi ya kujifutia. Nikajiambia ndiyo hayo makali waliyoyataka, yamewapanda kichwani.

Nikafika kwa Bi Ghubaisha, ambaye huvaa barakoa usoni lakini ulimi wake haujavaa barakoa tangu azaliwe. Alinusa mkono wake, akaninyanyulia macho, akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, Mama Khalfan, haya umeyafukizia udi au gurudumu la gari? Wakacheka. Mimi nikacheka nao, tena nikamjibu kuwa kwa umri wake anusie kwa miwani. Wakacheka zaidi, na mimi nikadhani wanacheka pamoja nami.

Wadima alikuwa safu ya tatu. Huyu ambaye siku zote hunyoosha mkono wa kwanza, siku ile alikunja mkono ndani ya shela, akaniambia ana upele, nimpite. Nikampita. Hata hapo sikuelewa, dada yangu, mpaka nilipogeuka nyuma. Alikuwa amefungua mkoba, ametoa chupa nyeusi yenye kizibo cha dhahabu, anampaka jirani yake. Wanawake wakaanza kuinuka vitini kumfuata. Nikamsikia mmoja akisema haya ndiyo mafuta ya Bi Mahra tunayoyajua, na mwingine akiuliza basi yale ya mwanzo yalikuwa ya nani. Kwenye chupa ile palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi nzuri: Wadima.

Mama Ubaidi alinijia akanishika kiwiko, taratibu, kama unavyomshika mgonjwa anayetaka kuvuka barabara. Akaninong'oneza kuwa bibi harusi kichwa kinamuuma kidogo, nisijisumbue kwenda kumpaka. Nilikaa kitini nimeshika chupa mpaka sahani za harisi zikaletwa. Nilikula, wallahi, ili nisionekane sili.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa Wadima. Nilijipanga njiani nitasema hili na lile. Alinipokea vizuri, akanimiminia kahawa, akaniuliza habari za mgongo wa Baba Khalfan. Nikamwuliza kwa nini. Akasema kwa nini nini. Nikamwambia ulinusa ukasema bado. Akaweka dele la kahawa chini, akanitazama bila kupepesa, akasema, "Wewe ndiye fundi, Shamsa, jina ni lako. Ungenusa mwenyewe."

Kisha akasimama, akaleta chetezo. Kikombe cha pili sijakigusa, na yeye ananizungushia moshi wa udi kwenye shela kama anavyomfanyia mgeni wa heshima. Unajua maana yake: udi ukipita, mgeni anatafuta viatu vyake. Miaka hamsini nimeingia nyumba ile bila kubisha hodi, nikafukuzwa kwa adabu, nikashukuru na kutoka.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kuniomba mafuta. Mlango wangu umenyamaza. Wanawake waliokuwa wakija kutoka Sharja na Dubai sasa gari zao zinapinda kona ya Wadima. Bi Ghubaisha amenitumia salamu kwamba uzee si aibu. Nimelia juu ya mswala mpaka nimeona haya kwa Mola wangu, maana machozi ya dhambi zangu sijapata kuyalia hivyo.

Najua unaposoma hapa umeshaniuliza: Shamsa, na pua yako ilikuwa wapi? Mtu ananusa mafuta yaliyoungua tangu yako chunguni, wewe ulikuwaje ukayabeba mpaka ukumbini ukawapaka wazee?

Dada yangu, pua yangu ilikufa. Ule ugonjwa ulioifunga dunia ndani ya nyumba, uliponipata mimi homa ilikwisha baada ya siku tisa, lakini harufu haikurudi. Nilingoja mwezi, nikangoja mwaka. Nilichoma kipande kizuri cha udi aliotuachia mama, nikainamia chetezo mpaka macho yakaniwasha, na ilikuwa kama kuvuta hewa ya moto tu. Nimekunywa maziwa yaliyooza sijui, nimewahi kwenda msibani na shela iliyomwagikiwa mafuta ya taa, watu wakanyamaza kwa heshima. Yale marashi uliyoniletea ulipotoka Hija, niliyoyasifu kwenye simu robo saa nzima, niliyasifu kwa kutazama rangi yake. Nisamehe uwongo huo.

Hakuna aliyejua ila Wadima. Mume wangu nimemficha, nawe nimekuficha. Niliona nikisema, jina la mama litakwenda kaburini mara ya pili. Basi nikamwomba Wadima awe pua yangu, akakubali, akala kiapo cha kufunga mdomo, na mdomo kweli ameufunga mpaka leo. Hata mbele ya ukumbi ule hakusema. Aliacha niseme mwenyewe kwa mkono wangu. Ndiyo maana usaliti huu unanichoma kuliko wizi. Mwizi huchukua asichopewa. Mimi nilimpa udhaifu wangu autunze, naye akaupima, akajua pa kukanyaga.

Na nikikuandikia hayo nikaishia hapo, nitakuwa nimekupa chungu bila mafuta. Kuna neno moja, na nilitaka kulipita.

Baada ya Idi Wadima aliniambia amechoka kuwa kivuli, akaomba kwenye chupa tuandike majina yetu mawili chini ya jina la mama. Wake za wanangu walikuwepo, wanamenya vitunguu. Niliogopa wasije wakajiuliza Wadima ana sehemu gani kwenye mafuta. Nikacheka, nikamwambia jina la mama halina pacha, na yeye asisahau kuwa alinyonya tu, hakuzaliwa. Alimaliza kahawa yake, akasaidia kukusanya vikombe, akaenda zake. Nami niliona nimetoka salama.

Sisemi kuwa neno lile linahalalisha alilonifanyia. Angenitukana peke yetu, angenipiga hata kofi, ningelistahili. Kunivua nguo mbele ya watu mia tatu kwa jina la mama yule yule aliyemnyonyesha, hilo sijamsamehe. Naomba kila sala niweze, na kila nikifika kwenye jina lake dua inakwama. Labda Mungu atanifungua. Bado hajanifungua.

Lakini harusi ya Dhabya ni mwezi ujao, na mtoto hana kosa. Mafuta uliyoyapenda kwenye harusi ya dada yake, ukaniambia umemsikia mama ameingia chumbani, yalikuwa ya pua ya Wadima. Ya miaka minne yote ni yake. Mimi nilikuwa mkono wa kupindua chungu. Ukitaka mafuta ya mama, muombe yeye, hakuna mwingine ajuaye pale pa kusema tosha. Ule udi uliompa Saif aniletee nimemwagiza aupeleke kwake leo asubuhi, na amesema Wadima ameupokea bila kuuliza neno. Mwambie aandike jina analotaka kwenye chupa. Mwambie nimesema mimi, asije akadhani umemhurumia.

Mimi nitakuja, Mungu akipenda, siku tatu kabla, nikusaidie wageni. Usitukalishe jamvi moja, wala usitupatanishe kwa mbinu zako za udada mkubwa, tumeshakuwa wazee wa kuvutwa masikio. Yakizungushwa mafuta nitanyoosha mkono nipakwe kama mgeni yeyote. Na wakiniuliza mbele za watu, Mama Khalfan, fundi, haya yamekaaje, nitawaambia waulizeni wenye pua, mimi yangu ilinitoka miaka minne iliyopita.

Nisalimie wote wa nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Dhabya mwambie namwombea mume mwenye haya na nyumba yenye baraka. Wewe magoti yako yakande kwa mafuta ya ufuta ya moto kabla ya kulala, na ngazi ushike ukuta, hata Saif aseme nini. Mungu atuweke tuonane kwa uso, tukae sisi wawili tu, unikemee upendavyo.

Mdogo wako akupendaye,
Shamsa binti Harib