Nywele Nne za Nzi wa Papa Bauma

Mabanga, Jumanne jioni. Mvua ya tangu asubuhi ilikatika saa sita, na bado nina matope ya kambi ya Mugunga hadi magotini. Sijala. Naandika kwa sababu sijui nimwambie nani.

Kazi yangu ni kuhesabu nywele za nzi. Watu hucheka, hata mama yangu mzazi. Ni nzi wadogo wanaotaga mayai juu ya viwavi wa mahindi. Buu akitoka humla kiwavi kutoka ndani, na shamba linapona. Aina zao zinafanana sana, kwa hiyo tunazitenganisha kwa nywele ngumu za mgongoni. Hawa wetu huwa na tatu kila upande.

Wale wa Papa Bauma walikuwa na nne.

Papa Bauma alikuwa mkulima, huko milimani juu ya Sake. Kwa misimu miwili alinifugia viwavi ndani ya chupa za mayonezi. Nzi wakitoka, anawakausha na kuwapanga kwenye boksi yenye pamba. Nilipoona zile nywele nne kwa wale wa kwanza alionitumia, nilifikiri tumepata aina mpya. Nikampigia simu: "Papa, nikusanyie wengine. Na hiyo boksi uichunge kabisa."

Kabisa. Ni mimi niliyesema hivyo.

Kisha vita ikapanda kule kwao na simu yake ikanyamaza. Leo, baada ya wiki nyingi za kuulizauliza, nimemkuta mke wake, Mama Riziki, kambini Mugunga, chini ya turubai lililofungwa juu ya mawe meusi.

"Ni wewe madame wa mainzi?"

Nikaitika. Akanieleza taratibu, bila kulia. "Tulikuwa tumeshafika kwa barabara. Akasema anarudia boksi ya madame. Nikamukataza. Akasema ni karibu tu."

Bomu lilimkuta mlangoni, akitoka. Majirani waliomzika ndio waliomletea Mama Riziki boksi, na yeye ameitunza hadi leo, kwa kuwa haikuwa yao. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Ile mainzi iko na faida, madame?"

Nilisema ndiyo. Nilisema haraka mno.

Nilipitia labo, maabara yetu, kabla ya kuja nyumbani. Nzi wamevunjika, nywele nyingi zimedondoka, lakini kila unywele huacha kitundu, na vitundu vinahesabika. Nimehesabu hadi macho yakauma. Wengine wana tatu, wengine nne. Mmoja ana tatu kushoto na nne kulia. Nzi yule yule mmoja.

Si aina mpya. Ni nzi wetu wa siku zote, wanaotofautiana kidogo kama ndugu wa tumbo moja.

Jibu lilikuwa dogo hivyo.

Sikumtuma arudi, najua. Lakini bila mimi asingekuwa na cha kurudia.

Kwenye kila etiketi, kile kikaratasi kinachokaa na nzi, kuna mstari wa jina la aliyekusanya. Misimu yote miwili niliandika jina langu; ndiyo desturi ya labo, na sikuwahi kujiuliza. Leo nimezitoa zote nikaandika upya, moja moja: Bauma.

Jumapili narudi Mugunga. Nitamwambia Mama Riziki ukweli, kwamba nzi hawakuwa wapya, na kwamba mimi ndiye niliyemwomba mume wake achunge ile boksi. Akinifukuza, atakuwa na haki.