Tende Imetoka Kama Ilivyoingia

Mama Zuhura, mke wangu,

Assalamu alaykum. Vipi hali yako, na goti lako lile, na Zuhura wetu na tumbo lake? Mimi hapa hospitali ninapumua, alhamdulillahi, na uvimbe wa koo unapungua. Ila kuzungumza kwenye simu siwezi, ulimi unagandia kaakaani. Ndiyo maana nimempa Bakari, mtoto wa dada yangu, barua hii aje nayo Usagara.

Mama Zuhura, kuna jambo limeniacha mdomo wazi, na mdomo wenyewe mkavu kama chungu kilichosahauliwa jikoni.

Unajua hapo mtaani watoto wachanga wanaletwa kwangu niwatafunie tende, niwapake kinywani na kuwaombea dua. Wa majirani nimewafanyia wote, sembuse mjukuu wangu wa kwanza? Basi jana baada ya alasiri nikachukua tende moja katika zile ulizonifungia, nikasema ngoja nijaribu. Nikatafuna. Nikatafuna weee! Hailainiki. Inazunguka mdomoni kama mchanga. Nikaitemea kiganjani, kavu vilevile kama nilivyoitia. Nilikaa kitandani naitazama.

Nesi akanikuta hivyo.

"Shikamoo mzee wangu. Tende tena? Sukari itakuozesha meno, sasa hayana mate ya kuyalinda."

"Marahaba. Mate yangu yamekwenda wapi?"

"Ni mionzi, mzee. Inapiga uvimbe, na tezi za mate zipo hapohapo jirani, nazo zinaungua. Tulikwambia kabla ya kuanza."

"Yatarudi?"

"Huenda yakarudi kiasi, polepole, baada ya miezi. Yote, siwezi kukuahidi."

Kweli waliniambia. Lakini siku ile nilisikia saratani tu. Mate nayo ni kitu cha kumliza mtu? Kitu nilichokuwa nakitema chini tangu utotoni! Leo natembea na chupa ya maji kama mtoto wa chekechea, na wali haushuki mpaka uelee kwenye mchuzi. Bado sijaamini.

Sasa nisikilize. Mtoto akija, msinisubiri. Tafuna wewe. Najua utasema hiyo ni kazi ya Baba Zuhura. Baba Zuhura hana cha kumpa mjukuu wake, na hilo linaniuma kuliko koo.

Msalimie Zuhura, umweleze ukweli, asije akadhani nimemsusa. Msalimie mkwe wetu fundi cherehani, na Bi Mwanaisha jirani wa mlango wa pili, anipunguzie chumvi kwenye habari zangu.

Na ile kokwa ya tende ya mtoto usiitupe. Ioshe vizuri, uifunge kwenye karatasi, Bakari aniletee. Nesi kasema kumung'unya kitu kisicho na sukari huamsha mate. Nitaimung'unya kutwa. Kama kuna tone limebaki humu ndani, litatoka kwa ajili ya kokwa hiyo.

Mumeo anayekukumbuka,
Baba Zuhura